Gego la Kiranja wa Usafi

Kila asubuhi Shigela alifungua duka lake kwa kishindo, ili jirani ambaye bado amelala ajue kwamba mwenye mali ameshaamka. Duka lilikuwa Igoma, kando ya barabara iendayo Musoma. Katika miaka ile ya tisini, bidhaa za nje ziliporuhusiwa kuingia kwa wingi, lilijaa hadi darini: chupa za chai zenye maua, redio za betri, mafuta ya nywele, sabuni za kunukia, na maboksi ya dawa za meno na miswaki ya kila rangi. Wale ambao hawakuwa na uwezo wa kununua vitu hivyo Shigela aliwaita "watu wa zamani." Alilitamka neno hilo kama mtu anayetema kokwa.

Binti yake, Dorcas, alikuwa bado hajarithi duka, lakini dharau alikwisha kuirithi yote.

Dorcas alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la sita. Hakuna mtoto Igoma nzima aliyependeza kama yeye akienda shuleni. Marinda ya sketi yake yalisimama kwa pasi, soksi zake zilikuwa nyeupe pe, na miguu yake iling'aa kwa mafuta. Akishamaliza kuvaa alijitazama katika kioo cha dukani, akajigeuza huku na huku, akaridhika. Kisha alikwenda bafuni uani na mswaki wake wa rangi ya waridi, na huko alicheza mchezo wake wa kila siku. Aliuchovya mswaki katika ndoo ya maji, akaukung'uta, akaurudisha katika kikombe. Baada ya hapo alisukutua funda moja la maji, akatema.

"Dorcas, umepiga mswaki?" Mama yake, Teodora, aliuliza kutoka jikoni.

"Nimepiga, mama."

"Na jana kabla ya kulala?"

"Nilipiga."

Jibu lilitoka laini, maana uongo wa kila siku haumkwaruzi msemaji koo. Kwa kweli Dorcas aliuchukia mswaki. Povu lilimkera, tena kila aliposugua fizi zake zilitoa damu, naye akaona ni upumbavu kujitoa damu kwa mkono wake mwenyewe. Isitoshe, meno yake ya mbele yalikuwa meupe. Nani angeyaona ya nyuma? Alipopita dukani alichota pipi katika chombo cha kioo, nyingine akatia mfukoni, nyingine mdomoni, akaenda zake.

Shuleni Dorcas alikuwa kiranja wa usafi. Wanafunzi walipopanga mstari asubuhi, yeye alipita mbele yao mikono ikiwa nyuma, akikagua kucha, kola na nywele. Alikuwa na namna yake ya kukunja pua ambayo iliwauma watoto kuliko fimbo.

Aliyemkunjia pua zaidi ya wote alikuwa Kija. Kija alitoka Buswelu, ambako wazazi wake walilima mihogo na kufuga ng'ombe wachache. Alitembea kwa miguu hadi shuleni, akafika na vumbi magotini, na mdomoni mwake mlikuwa na mswaki wa kijiti alioukata porini. Alisugua njia nzima, jino moja baada ya jingine, bila haraka.

"Kija," Dorcas alisema asubuhi moja, kwa sauti ya kusikika mstari mzima, "wewe ni mbuzi? Hukushiba majani huko Buswelu hadi unatafuna na miti njiani?"

Watoto waliangua kicheko. Kija akautoa mswaki wake, akautazama, akamtazama na Dorcas.

"Mimi natafuna wangu," alijibu. "Wako uko wapi?"

Kicheko kikageuka upande wa pili. Dorcas hakuwa mtu wa kukubali kushindwa hadharani. Alimshika Kija mkono, akamtoa mstarini, akamsimamisha pamoja na wachafu wa siku hiyo. Kija, ambaye kinywa chake kilikuwa safi kuliko cha kiranja, alideki vyoo hadi kengele ya somo la kwanza ikalia.

Mwalimu wao wa sayansi, Mwalimu Bernadetta, mama mrefu mwenye asili ya Bukoba, alikuwa akiwaandalia ngonjera. Afisa elimu alitarajiwa kuitembelea shule, na mwalimu alitaka mgeni asikie watoto wakighani juu ya usafi wa mwili. Kwa kuwa Dorcas alikuwa na sauti kali isiyotetemeka, alichaguliwa kuongoza. Kija na wengine waliwekwa kuitikia.

"Amkeni wanafunzi, usafi ni yetu kinga," Dorcas alighani, kidevu juu. "Meno meupe ni nuru, maradhi tunayapinga."

"Vizuri sana!" Mwalimu Bernadetta alisema. "Na mgeni akikuuliza kwa nini tunapiga mswaki, utamwelezaje?"

Dorcas alijibu bila kupumua. Mabaki ya chakula hukaa katikati ya meno. Vijidudu huyala, hasa yenye sukari, na hutoa tindikali inayotoboa jino. Tusugue asubuhi na usiku, ndani na nje, mpaka nyuma kabisa. Mwalimu akapiga makofi. Dorcas akaketi, na ulimi wake ukaenda peke yake kwenye gego la chini upande wa kushoto. Hapo palikuwa na tundu, na tundu lenyewe liliweza kumeza punje ya wali.

Tundu hilo lilianza na kuwasha tu alipokunywa maji baridi. Baadaye likaanza kuuma hata bila maji. Dorcas hakumwambia mtu. Kiranja wa usafi mwenye jino bovu? Wangemcheka hadi wale wa darasa la kwanza! Alihamishia chakula upande wa kulia, akazidisha pipi za mnanaa ili kuficha harufu, na kwa kufanya hivyo akawa anawapelekea vijidudu chakula mahali pao pa kazi.

Siku moja wakati wa chakula cha mchana maumivu yalimshinda, akaangusha kijiko akashika shavu.

"Ni jino hilo," mama yake alisema. "Nimekuona siku nyingi unatafunia upande mmoja. Baba Dorcas, tumpeleke hospitali."

Shigela alicheka. Alipocheka, fizi zake zilionekana, nyekundu na zilizovimba, na meno mawili ya mbele yalikuwa yameanza kuachana kama watu waliogombana. Yeye naye alikuwa na mambo yake. Fizi zilimvuja damu kila alipouma muhindi, na mguuni alikuwa na kidonda alichopata kwa kujigonga kwenye boksi la bidhaa, kidonda ambacho kilikataa kupona. Vyote hivyo alivipuuza kwa usawa.

"Hospitali!" alisema. "Nikapange foleni na wagonjwa wa kweli kwa ajili ya kimfupa? Niambie, mama Dorcas, umewahi kwenda kwenye mazishi ya mtu aliyeuawa na jino?"

"Sijawahi. Lakini mtoto anaumwa."

"Nitamtibu mimi. Hizi si zile zama zenu za kusubiri daktari wa serikali. Siku hizi kila kitu kinapatikana."

Kilichopatikana kilikuwa sokoni. Mtu mmoja mwenye spika iliyopasuka sauti alisimama nyuma ya meza ya chupa ndogondogo akinadi: "Dawa ya jino, dawa ya mende, dawa ya kunguni! Unatia mara moja, unasahau!" Dawa inayoua mende na kutibu jino ingemtia shaka hata mtu wa zamani. Shigela, mtu wa kisasa, hakuwa na shaka yoyote. Muuzaji alimwambia Dorcas afungue kinywa, akachovya pamba katika chupa, akaisukumia ndani ya tundu kwa njiti ya kiberiti.

Dorcas aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Fizi iliungua, machozi yakamtoka, akataka kutema. "Meza maumivu," baba yake alimwambia. "Ndiyo dawa inafanya kazi." Na kweli, baada ya siku moja au mbili jino liliacha kuuma kabisa.

"Unaona?" Shigela alimtambia mkewe. "Wewe ulitaka tukapange foleni."

Dorcas naye akamtazama mama yake kwa jicho lilelile la baba. Hawakujua, wala hawakutaka kuuliza, kwamba jino likifa ndani huacha kuuma, lakini uozo wake huendelea na safari kimyakimya.

Wiki ya ugeni ilipofika, mama Dorcas alikuwa amekwenda msibani Magu. Dorcas aliamka na uvimbe chini ya taya. Kesho yake uvimbe ukawa mgumu, ukaenea hadi chini ya kidevu. Mwili ulimchemka. Baba yake alimpa vidonge vya maumivu kutoka dukani, akamtazama kwa mbali huku akihudumia wateja.

"Ni machubwichubwi," alisema. "Watoto wote hupata."

Siku yenyewe Dorcas angeweza kubaki kitandani, lakini wazo la mtu mwingine kusimama mahali pake mbele ya mgeni lilimchoma kuliko homa. Alivaa sare yake iliyonyooshwa, akajikokota hadi shuleni.

Mwalimu Bernadetta alipomwona alishtuka. "Dorcas, una nini shingoni?"

"Ni machubwichubwi, mwalimu. Yanapona." Maneno yalitoka mazito, kama ya mtu aliyebeba kiazi cha moto mdomoni. Mwalimu alitaka kuuliza zaidi, lakini gari la afisa elimu lilikuwa limeingia uwanjani, na mwalimu mkuu alikuwa akimwita.

Wanafunzi walijipanga. Mgeni aliketi kivulini pamoja na walimu, miwani yake puani, akasubiri. Dorcas akapiga hatua mbele, akainua kidevu kama ilivyo desturi yake, akafungua kinywa.

Kinywa hakikufunguka. Taya lilikuwa limekaza, likaacha upenyo mdogo wa kupitisha kidole tu, na katika upenyo huo badala ya shairi ilitoka sauti ya kukoroma. Pamoja na sauti ilitoka harufu. Watoto wa mstari wa mbele walirudi nyuma, mmoja baada ya mwingine, wakakunja pua. Walijua kuzikunja vizuri, maana walikuwa wamefundishwa na Dorcas mwenyewe kila asubuhi.

"Kiranja," Kija alisema nyuma yake, kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana, "leo fungua kinywa tukukague."

Kicheko kikapita mstarini. Dorcas aligeuka. Alitaka kumtazama Kija kwa dharau, lakini macho yalikuwa yamejaa maji na mate yalimtiririka kidevuni, kwa sababu hakuweza kuyameza. Alivuta pumzi. Pumzi ilikataa, kisha ikaja nusu, kwa mlio mwembamba. Kwa mara ya kwanza tangu jino lianze kuuma, aliogopa kufa.

Kija aliacha kucheka ghafla. Nyumbani kwao aliwahi kumwona ndama aliyekwamwa na kiazi kooni, akaijua sauti ile.

"Mwalimu!" alipiga kelele. "Mwalimu, hapumui huyu! Anakoroma macho yako wazi!"

Ngonjera iliishia hapo. Mwalimu Bernadetta alimbeba Dorcas mikononi, ingawa alikuwa binti mkubwa, na afisa elimu mwenyewe akafungua mlango wa gari lake. Dereva hakuambiwa mara mbili.

Katika hospitali kubwa ya mjini walipokelewa na Daktari Annet Kashaija, mama mfupi wa makamo, mtaalamu wa meno, ambaye hakuwa na desturi ya kupoteza maneno. Alimtazama Dorcas mara moja tu.

"Msimlaze chali!" aliwaambia wauguzi. "Akilala chali ulimi utaziba njia ya hewa. Aketi. Leteni dripu."

Dorcas hakusahau yaliyofuata, ingawa alitamani kuyasahau. Alichomwa sindano, akaambiwa avumilie, na daktari akapasua chini ya kidevu chake. Usaha ulitoka mwingi kuliko alivyodhani unaweza kukaa katika kichwa cha mtu. Harufu yake ilimfanya muuguzi mmoja ageuze uso. Dorcas alimwona akigeuza uso. Alijua maana yake, kwa sababu alikuwa amewafanyia wengine hivyo bila sababu, na leo sababu ilikuwepo na ilikuwa yeye. Kisha pumzi ikaingia, nzima nzima, akalia.

Shigela alifika jioni, baada ya kufunga duka. Alisikika kabla hajaonekana.

"Yuko wapi huyo daktari? Nani amewaruhusu kumkata mwanangu shingo kwa ajili ya jino?"

Daktari Annet alikuwa akinawa mikono. Alijifuta polepole, akamgeukia.

"Shikamoo, mzee. Wewe ndiye baba yake?"

"Marahaba. Ndimi. Shigela, mfanyabiashara wa Igoma."

"Basi sikiliza vizuri, mfanyabiashara wa Igoma. Mwanao alikuwa anakufa kwa ajili ya jino. Gego limeoza hadi mzizi, usaha umepenya ukashuka chini ya ulimi na shingoni, ukaanza kumziba koo. Mngesubiri hadi kesho, ungekuja hapa kuchukua maiti."

"Na fizi yake imeungua," daktari aliendelea. "Mlimtia nini humu?"

"Dawa. Kuna mtaalamu... pale sokoni."

"Yule wa spika? Anayeuza dawa ya mende?"

Mwalimu Bernadetta, aliyekuwa bado ameketi kando ya kitanda, aliinamisha uso. Daktari alisogea karibu na Shigela, kisha akasimama ghafla, kama mtu aliyegonga ukuta usioonekana.

"Na wewe fungua kinywa."

"Mimi siumwi, daktari."

"Sikukuuliza kama unaumwa. Fungua."

Mtu aliyezoea kuamrisha, akiamrishwa kwa sauti tulivu, hutii kabla hajafikiri. Shigela alifungua kinywa. Daktari alizibonyeza fizi, zikatoa damu na usaha. Alisukuma jino moja kwa kidole, likacheza.

"Unachechemea. Mguu una nini?"

"Kidonda kidogo tu. Cha muda."

"Kiu je? Unakunywa maji sana? Unaamka usiku kwenda haja ndogo?"

Shigela alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyepekuliwa mifuko. Daktari hakusubiri jibu, akaagiza apimwe damu. Majibu yaliporudi hayakumshangaza daktari. Yalimshangaza Shigela peke yake. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na ulikuwa umekomaa.

"Jino limeniletea sukari?" aliuliza. Sauti ya mwenye mali ilikuwa imekwisha, ikabaki ya mtu.

"Sikusema hivyo. Lakini hivi viwili ni marafiki wabaya. Sukari ikizidi mwilini, fizi hushambuliwa upesi. Fizi zikioza, sukari inakuwa ngumu kudhibiti. Kila kimoja kinamlisha mwenzake, na wewe ndiye chakula." Akamgeukia Dorcas pia, ambaye alikuwa akisikiliza macho yakiwa yamemtoka. "Watu wanadhani kinywa kiko peke yake, eti kikioza kitaoza chenyewe. Damu inayopita kwenye fizi ndiyo hiyohiyo inayokwenda moyoni. Fizi ikiwa kidonda, vijidudu vinaingia humo kama ng'ombe wanaoingia shambani ambako boma limeanguka. Wapo watu wenye kasoro ya moyo ambao vijidudu vya kinywani vimekaa moyoni mwao na kuwaua. Nimewaona kwa macho yangu. Na kila mmoja alikuwa amesema ni jino tu."

Akamgeukia tena Shigela, akauliza, "Unauza nini dukani kwako, mzee?"

"Vitu vya nje. Redio, sabuni..." Shigela alisita. "Dawa za meno. Miswaki."

Daktari Annet alicheka, na kicheko chake hakikuwa na huruma hata chembe. "Miswaki! Kumbe umekalia gunia la mchele unakufa njaa. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Nenda ukaoshwe hicho kidonda."

Shigela alikwenda, akichechemea waziwazi sasa, kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kumficha.

Mama Dorcas alirudi kutoka msibani akapitiliza moja kwa moja hospitali. Kwa siku kadhaa alimlisha binti yake uji mwepesi kwa kijiko, bila kusema mengi. Gego lilikuwa limekwisha kung'olewa. Siku Dorcas alipoweza kuzungumza vizuri, alisema, "Mama, mswaki nilikuwa naulowesha tu. Sikuwa napiga."

Mama aliweka kijiko chini.

"Ulikuwa unamdanganya nani, Dorcas? Mimi sina jino lako mdomoni mwangu." Alimtazama kwa muda, na katika macho yake mlikuwa na dharau kidogo, dharau ya mtu aliyechoka, na Dorcas aliona anaistahili. "Miaka ile ya shida, hata sabuni ya kuogea ilikuwa haipatikani. Mimi na dada zangu tulisugua meno kwa mkaa uliosagwa na chumvi, na vijiti vya porini. Hakuna aliyetukumbusha. Leo miswaki imejaa hadi darini, nyinyi mnaiuza na kuilowesha maji. Na baba yako anatuita sisi watu wa zamani."

Shigela, ambaye alikuwa ameketi mlangoni mguu ukiwa na bandeji nyeupe, alisikia kila neno. Alikohoa, lakini kikohozi chenyewe hakikuwa kile cha kujitapa alichozoea kukikohoa dukani. "Mama Dorcas," alisema, "yameisha. Nimekosa." Hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno hilo, wala yeye mwenyewe.

Dorcas aliporudi shuleni alikuwa na kovu chini ya kidevu na pengo nyuma ya kinywa. Asubuhi ya kwanza alimwomba Mwalimu Bernadetta ruhusa ya kusema mstarini. Safari hii hakuinua kidevu.

"Nilikuwa nakagua watu na mimi mwenyewe nilikuwa sipigi mswaki," alisema. "Nilimdanganya mama, nikamdanganya na mwalimu. Kija nilimdekisha vyoo bila kosa. Sistahili ukiranja."

Hakucheka mtu. Mwalimu Bernadetta alitikisa kichwa kukubali, akamwita Kija, akamwuliza kama angependa kuchukua kazi ile.

"Hapana, mwalimu," Kija alisema upesi. "Kazi ya kunusanusa watu siiwezi."

Sasa walicheka wote, hata Dorcas, ingawa kovu lilimvuta. Wakati wa mapumziko alimfuata Kija karibu na bomba.

"Nisamehe," alisema.

"Na mimi nilikucheka siku ile," Kija alijibu. "Sikujua kwamba unakufa."

"Hata mimi sikujua."

Wiki ile ile Daktari Annet alikuja shuleni kwa mwaliko wa mwalimu mkuu, akiwa na kioo chake kidogo na tochi. Aliwaonyesha watoto jinsi ya kusugua hadi kwenye magego na mpaka wa fizi, asubuhi na kabla ya kulala. Mwenye mswaki wa kijiti alimwambia autumie kwa makini, aufikishe nyuma, na akiweza apate dawa ya meno yenye kuimarisha jino. Fizi inayotoa damu, alisema, haiachwi kusuguliwa. Inatoa damu kwa sababu imeachwa. Kisha akaanza kukagua vinywa, darasa kwa darasa. Dorcas alikuwa wa kwanza kujipanga. Matundu yalionekana mengi, hata kwa watoto ambao hakuna aliyewadhania.

Alipomaliza na wanafunzi, daktari alimgeukia Mwalimu Bernadetta. "Na mwalimu?"

Mwalimu alicheka, akasema yeye hana tatizo, akaketi ili watoto waone mfano. Daktari alimulika, akainama zaidi, akamulika tena.

"Mwalimu," alisema, "una gego hapa lililotoboka. La juu, kulia."

Mwalimu Bernadetta alibaki kinywa wazi kwa muda mrefu kuliko daktari alivyohitaji. Halafu akasimama, akawatazama wanafunzi wake.

"Mmesikia," alisema. "Nimewafundisha afya miaka yote hii. Nimewatungia na ngonjera. Na jino hili limekuwa likiniuma tangu mwezi uliopita, nikajiambia ni baridi tu." Alitikisa kichwa. "Basi andikeni hili vichwani mwenu. Ugonjwa hauangalii nani anajua. Unaangalia nani anafanya. Dorcas alijua, baba yake aliuza, mimi nilifundisha, na wote watatu tulioza. Kinywa chako ukikidharau hakitaumia peke yake, kitauita mwili mzima ulipe pamoja nacho. Kesho asubuhi sitakuwepo kipindi cha kwanza. Nitakuwa kwenye foleni ya daktari, pamoja na wale wote waliokutwa na matundu. Nani ataandamana nami?"

Mikono ilinyooka, mmoja, mwingine, na mwingine tena, hadi Daktari Annet akaanza kucheka. Safari hii kilikuwa kicheko cha furaha.